Seremala Hujifunza Mahali Pawili

1. Kazi ya mlango

Ukipita katika vijiji vya Masasi na Newala utaona ya kuwa kila nyumba ina mlango. Jambo hili ni la kawaida, wala hakuna mtu alistaajabiaye. Walakini mlango ni kitu kigumu kuufanya kuliko ukuta. Ukuta husimama tu mahali pake. Mlango sharti ufunguliwe na kufungwa mara nyingi kila siku, wakati wa jua na wakati wa mvua, mwaka hata mwaka, wala usikwame, wala usilegee, wala usiache nafasi ya nyoka kupita. Umetengenezwa kwa mti, na mti hata ukiisha kukatwa hauachi kubadilika. Basi mtu atakaye kutengeneza mlango mzuri hana budi kuujua mti kama mchungaji awajuavyo mbuzi wake.

Lupaso ni kijiji katika wilaya ya Masasi. Watu wengi walijua jina lake kwa sababu ndipo alipozaliwa Benjamin William Mkapa, tarehe 12 Novemba 1938, ambaye alikuwa Rais wa tatu wa Tanzania tangu mwaka 1995 hata mwaka 2005. Alipofariki mwezi wa Julai mwaka 2020 alizikwa huko huko kwao. Lakini kijiji hakiishi kwa jina la mtu mmoja, hata akiwa mkubwa namna gani. Chahitaji mwalimu, na mganga, na mkulima, na mtu ajuaye kutengeneza mlango. Somo hili lahusu kijana mmoja wa Lupaso aliyetaka kuwa mtu huyo wa mwisho. Hadithi yake imetungwa kwa mfano tu, ili msomaji aone jinsi kazi hii inavyofundishwa; bali mambo ya mti na ya ufundi yaliyomo ni ya kweli, na kila mtu aweza kuyajaribu kwa mikono yake.

2. Mafundi waliotangulia

Watu wa nchi hii si wageni wa kazi ya miti. Wamakonde wa uwanda wa juu wajulikana duniani kwa vinyago vyao vya mpingo. Kiini cha mpingo ni kizito hata kikitiwa majini huzama, na mti huo huo hutumiwa Ulaya kwa kutengeneza filimbi na zumari za bendi. Lakini mchonga vinyago na seremala hawafanyi kazi moja. Mchongaji huchukua gogo moja, akaondoa yasiyotakiwa, mpaka sura aliyoifikiri ikabaki. Seremala huchukua vipande vingi, akaviunga mpaka vikawa kitu kimoja. Mchongaji huogopa kuondoa kupita kiasi. Seremala huogopa kiungo kibaya.

Katika pwani, mafundi wa Unguja na Lamu walijipatia sifa kwa milango mikubwa ya nakshi. Mlango wa namna hiyo una mabawa mawili, na katikati husimama mfaa, yaani ule mti mrefu uliochongwa maua, ambao umeshikamana na bawa moja na kuziba nafasi iliyo baina ya mawili. Milango mingi ilifanywa kwa msaji, ambao ni mti mgumu usioliwa upesi na wadudu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na milango hiyo ni sehemu ya uzuri wa miji yote miwili.

Mafundi wale hawakujifunza kwa vitabu. Mtoto alikaa kwa fundi. Kwanza alifagia vumbi la mbao, kisha akanoa patasi, kisha akashika upande mmoja wa msumeno, na baada ya miaka akapewa kipande cha kuchonga mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo huitwa mwanagenzi, na kujifunza kwa njia hiyo ni uanagenzi.

Upande wa Masasi mafunzo ya useremala yalipata njia nyingine pia. Wamisionari wa Kibenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walianza kituo cha Lukuledi mwaka 1895. Kituo hicho kiliharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka 1906 wakaanza kituo kipya Ndanda, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, penye chemchemi za maji. Baina ya mabruda waliokuja walikuwamo maseremala, waashi na wahunzi. Hao walijenga karakana, na vijana wa nchi wakafanya kazi pamoja nao na kujifunza.

Mabruda wale walitoka katika nchi yenye desturi ya zamani ya uanagenzi. Katika Ujerumani kijana hujifunza ufundi mahali pawili kwa wakati mmoja: siku nyingi za juma hufanya kazi kwa fundi, na siku chache huenda shuleni kujifunza hesabu, michoro na maarifa ya kazi yake. Tena wako baadhi ambao, wakiisha kumaliza mafunzo, hushika desturi ya wazee wao: husafiri kwa miaka mitatu na siku moja, wakifanya kazi kwa mafundi mbalimbali, wala hawaruhusiwi kurudi kwao muda huo. Kusudi lao ni kuona ya kuwa kazi moja ina njia nyingi.

Katika Tanzania serikali iliweka mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iitwayo VETA, kwa sheria ya mwaka 1994. Mamlaka hiyo ina chuo Mtwara na katika mikoa mingine. Tena viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, na kimoja kiko Masasi. Katika vyuo kama hivyo mwanafunzi wa useremala hukaa darasani na katika karakana ya chuo, kisha hupelekwa kwa muda katika karakana ya watu, ajifunze kazi mahali ambapo wanunuzi wanangoja. Hapo ndipo elimu yake hupimwa.

3. Katika chuo

Yule kijana wa Lupaso aliingia chuoni akidhani ya kuwa katika juma la kwanza atatengeneza kiti. Mama yake alikuwa amelipa ada kwa fedha ya korosho, na kijana alitaka kumpelekea kitu cha kumwonyesha. Lakini juma la kwanza likapita bila kiti, na la pili, na la tatu. Kazi yake ilikuwa kunoa patasi na randa.

Mwalimu alimwonyesha ya kuwa makali ya patasi yana pembe mbili. Kwanza chuma husagwa kwa pembe ya digrii 25. Kisha ncha yake hunolewa juu ya jiwe laini kwa pembe ya digrii 30. Pembe ikiwa nyembamba mno, makali huvunjika. Ikiwa nene mno, patasi haikati bali hubomoa.

Kijana akanung'unika, akasema, "Mwalimu, sikuja kujifunza kunoa visu."

Mwalimu akamjibu, "Chombo butu chataka nguvu nyingi. Na mkono utumiao nguvu nyingi hauwezi kusimama ghafula. Wengi waliojikata hawakujikata kwa chombo kikali, bali kwa chombo butu kilichoteleza."

Baada ya kunoa, alijifunza kupima. Aliambiwa ya kuwa macho hudanganya, lakini hesabu haidanganyi. Kwa mfano, mtu akitaka kujua kama pembe ya fremu ya mlango ni mraba, na hana kipimo cha pembe, hupima sentimita 60 kutoka pembeni upande mmoja, akatia alama; kisha sentimita 80 upande wa pili, akatia alama. Kama umbali baina ya alama hizo mbili ni sentimita 100 kamili, pembe ni mraba. Ukizidi, pembe imefunguka, ukipungua, imefinyika. Na fremu ikiisha kuungwa, hupimwa toka pembe hata pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa sawa.

Kisha alijifunza kuunga kwa ulimi na tundu. Mwisho wa ubao mmoja huchongwa ulimi, na ubao wa pili hutobolewa tundu la kuupokea ulimi huo. Kanuni ni hii: unene wa ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao. Ubao ukiwa na milimita 45, ulimi uwe milimita 15. Ulimi ukiwa mnene kuliko huo, kuta za tundu hudhoofika; ukiwa mwembamba, wenyewe huvunjika. Kiungo kizuri hakitaki nyundo kubwa. Huingia kwa kusukumwa kwa kiganja cha mkono na kugongwa kidogo tu.

Baadaye tu ndipo alipofundishwa mashine. Msumeno wa umeme hukata kwa dakika moja ubao ambao msumeno wa mkono ungeukata kwa robo saa, lakini hautambui tofauti ya mti na kidole. Kwa hiyo aliamriwa kukunja mikono ya shati, kutovaa kitu kinachoning'inia, na kuusukuma ubao kwa kijiti, si kwa mkono, unapokaribia meno.

4. Ubao hunywa maji

Siku moja mwalimu alileta darasani kipande cha ubao uliopasuliwa hivi karibuni. Akakipima kwa mizani, kikawa gramu 560. Akakitia katika tanuri la moto mdogo, akakiacha humo, akawa akikipima mara kwa mara, hata uzito usipungue tena. Sasa kikawa gramu 400.

Akauliza, "Gramu 160 zimekwenda wapi?"

Wakajibu, "Yalikuwa maji."

"Vema. Gawanyeni 160 kwa 400." Wakapata asilimia 40. Mwalimu akawaambia ya kuwa ubao wenye maji ya asilimia 40 haufai kutengeneza mlango. Kwanza sharti ukaushwe mpaka maji yawe kama asilimia 12 au zaidi kidogo. Basi kipande kile kingefaa kama kingekuwa na gramu 448 tu au karibu na hapo.

Mafundi wa kale walikuwa na kanuni yao: ubao ukaushwe hewani mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene wake. Mbao hupangwa kivulini juu ya vijiti, ili upepo upite chini na juu ya kila ubao. Mtu akizianika juani kwa haraka, hupasuka miisho na kupinda.

Kisha mwalimu akawaeleza jambo ambalo ni msingi wa kazi yote ya milango. Ubao ukikauka hupungua upana wake, lakini urefu wake haupungui ila kidogo sana. Na ukipata unyevu tena, huvimba upana. Hivyo ubao katika nyumba za Masasi hausimami kamwe: mwezi wa Oktoba, nchi ikiwa kavu, husinyaa, mwezi wa Februari, mvua ikiwa nyingi, hutanuka. Miti mingine hubadilika sana na mingine kidogo. Mninga wasifiwa na maseremala kwa kuwa ukiisha kukauka haubadiliki sana, tena kiini chake hakiliwi upesi na mchwa.

Kwa ajili hiyo mafundi walibuni mlango wa fremu na paneli. Mbao mbili husimama ubavuni, na mbao nyingine hukingama juu, katikati na chini. Hiyo ndiyo fremu ya mlango, nayo haibadiliki sana, kwa kuwa upana wa mlango hushikwa na urefu wa zile mbao zinazokingama. Ndani ya fremu huchimbwa mfuo, na ubao mpana wa katikati, ndio paneli, huingizwa katika mfuo huo. Mwalimu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: PANELI ISITIWE GUNDI. Iachiwe nafasi ya milimita chache katika mfuo kila upande, iwe huru kutanuka na kusinyaa.

Kijana akayaandika hayo yote katika daftari lake. Akajibu vizuri katika mtihani. Akadhani ameyajua.

5. Katika karakana ya mjini

Mwezi wa Juni alipelekwa katika karakana moja ya mjini Masasi kujifunza kazini. Alipewa kitabu cha kazi, na kila jioni aliandika humo mambo aliyoyafanya. Mwenye karakana alitia sahihi, na mwalimu wa chuo alikuwa akija mara kwa mara kukitazama.

Karakana ilikuwa nyembamba, na wanunuzi walikuwa wengi. Huyu alitaka kitanda kabla ya harusi, yule alitaka madirisha kabla ya kuezeka. Fundi mwenye karakana alikuwa hodari. Aliweza kukata ulimi sawasawa bila kuuchora mara mbili. Lakini alikuwa mtu wa haraka.

Akaja mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani. Akasema ataka mlango wa chumba chake cha ndani, maana humo huweka magunia ya korosho mpaka siku ya kuyapeleka ghalani kwa mnada. Mlango wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa. Akafungua kitambaa, akahesabu fedha yote papo hapo.

Fundi akamwambia kijana, "Kazi hii ni yako. Nataka uimalize juma hili."

Kijana alifurahi sana. Akachukua mbao zilizokuwa zimeegemezwa ukutani. Alipoziinua aliona ya kuwa ni nzito kuliko kawaida, na alipopiga randa, mabaki hayakuvunjika mkononi bali yalijikunja, tena yalikuwa baridi. Akakumbuka mizani ya mwalimu. Akamtazama Fundi, lakini Fundi alikuwa akibishana na mnunuzi wa madirisha. Kijana akanyamaza, akaendelea.

Viungo vyake vilikuwa vizuri. Alipima kwa mshazari, vipimo vikalingana. Lakini paneli, alipoiingiza katika mfuo, ilitikisika kidogo na kutoa sauti. Kijana akaona haya. Akawaza, "Mama atasema mlango wake umelegea." Basi akachukua gundi, akaipaka katika mfuo pande zote mbili, akaibana fremu kwa nguvu. Asubuhi mlango ukawa mgumu kama jiwe. Fundi akaugonga kwa kidole, akasema, "Kazi safi." Jioni ile kijana akaandika katika kitabu cha kazi: "Nimeweka paneli." Habari ya gundi hakuiandika.

6. Ufa

Ikapita Julai na Agosti na Septemba. Hewa ikakauka, majani yakawa makavu, na mikorosho ikaanza kuzaa. Kijana alikuwa bado katika karakana ile. Siku moja ya Oktoba yule mjane akaja, amevaa kanga yake begani, na uso wake umechoka.

Akasema, "Fundi, mlango umepasuka."

Wakaenda kuutazama. Ubao wa paneli ulikuwa umepata ufa toka juu hata chini, upana wake kama kidole. Mtu akiingiza kijiti katika ufa ule aliweza kulisukuma komeo na kufungua. Na nyuma ya mlango magunia ya korosho yalikuwa yamesimama, kazi ya mwaka mzima. Karibu na mlango palikuwa na mkeka na blanketi.

Kijana akauliza, "Shikamoo mama. Mkeka huu ni wa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wangu. Ni usiku wa sita silali ndani. Nalala hapa."

Fundi akauangalia ufa, akakuna kichwa, akasema, "Mama, mti wenyewe ni mbaya. Aliyetuuzia mbao ametudanganya. Hii si kazi yetu."

Mjane hakubishana. Hakujua habari za mfuo wala za gundi. Alitikisa kichwa tu. Kijana alisimama nyuma ya Fundi, na kinywa chake kilikuwa kikavu. Hakusema neno. Wakarudi mjini.

Usiku ule hakupata usingizi. Aliujua ufa ule kama mtu ajuavyo maandishi ya mkono wake. Ubao ulikuwa mbichi. Ukauke, ulipaswa kusinyaa kwa upana. Kama paneli ingekuwa huru, ingesinyaa ndani ya mfuo, wala pasingekuwa na ufa. Lakini gundi iliushika kingo zote mbili, na fremu haikukubali kusogea. Basi ubao ukavutwa huku na huku mpaka ukapasuka katikati. Mwuza mbao hakuwa na kosa la gundi. Fundi naye hakujua. Mtu mmoja tu alijua, naye alikuwa amelala kitandani, na mama wa watu amelala mlangoni.

Tena aliwaza habari ya kitabu cha kazi. Mwalimu alikuwa atakuja juma lile. Akikiri, huenda ataambiwa mafunzo yake kazini hayakufaa, ayarudie yote, na ada ya muhula mwingine itatoka wapi? Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe.

7. Neno la kweli

Asubuhi alifika mapema kabla ya wengine. Fundi alipofungua mlango wa karakana, kijana akamwambia, "Fundi, nataka kusema neno. Mti si wa kulaumiwa peke yake. Mimi nilitia gundi katika mfuo. Nilifundishwa nisitie, nami nikatia. Tena nilijua mbao zilikuwa mbichi, nikanyamaza."

Fundi akakasirika. "Mbona hukusema jana, badala ya kuniacha niseme uongo mbele ya mama wa watu?"

"Niliogopa."

Fundi akakaa juu ya benchi, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilijua zilikuwa mbichi. Nilidhani zitavumilia." Akainua macho, akaonyesha juu ya kenchi za paa. Huko zilikuwapo mbao za mninga, zimekaa miaka miwili, zimejaa vumbi. "Teremsha zile. Nitatoa nusu ya bei yake, na nusu utalipa kwa kazi yako ya Jumamosi."

Mwalimu alipokuja, kijana alimpa kitabu cha kazi, akamwonyesha mahali alipokuwa ameandika, "Nimeweka paneli." Chini yake alikuwa ameongeza kwa kalamu nyingine: "Nilitia gundi. Paneli imepasuka. Nalipa." Mwalimu akasoma mara mbili. Hakumsifu wala hakumkaripia. Akamwuliza tu, "Sasa, kwa nini paneli haitiwi gundi?"

Kijana akaeleza yote: habari za upana na urefu, habari za mfuo, habari za Oktoba na Februari, kama mtu aelezaye njia ya kwenda kwao.

Mwalimu akasema, "Mwezi wa Machi ulinijibu swali hili kwa maneno yangu. Leo umenijibu kwa maneno yako." Akatia sahihi, akaenda zake.

8. Mlango wa pili

Mlango wa pili ulichukua Jumamosi nne. Kijana alipima kila ubao kabla ya kuugusa kwa msumeno. Aliacha milimita tatu kila upande wa paneli ndani ya mfuo, na alipoutikisa mlango, paneli ikatoa sauti ndogo. Safari hii hakuona haya. Pembeni mwa mlango na miimo yake aliacha nafasi kidogo kwa ajili ya masika. Akaupeleka kwa mjane, akautia bawaba, akalipachika komeo. Jioni ile magunia yalikuwa bado mle ndani, na mjane akaukunja mkeka wake.

Mwezi wa Februari chuo kilifunga kwa siku chache, na kijana alikuwa akirudi Lupaso kumwamkia mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na njia ilikuwa matope. Akapita kwa yule mjane. Akabisha hodi, akakaribishwa, na kabla ya kuketi akaenda kwenye mlango wa ndani. Akaufungua, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda taratibu, ukafungika.

Mjane akacheka. "Mwanangu, wafika na kuuamkia mlango kabla yangu?"

"Shikamoo mama. Nisamehe. Nilitaka kujua kama umevimba."

"Marahaba. Haujakwama hata siku moja."

9. Mafundisho ya somo hili

Twaona ya kuwa useremala hujifunzwa mahali pawili. Chuoni mwanafunzi hupewa sababu ya mambo: kwa nini pembe iwe hivi, kwa nini ulimi uwe theluthi, kwa nini ubao hupungua upana. Kazini hukutana na haraka, na ushindani, na watu waliotoa fedha yao ya mwisho. Mtu aliyejifunza chuoni tu huweza kujibu maswali, lakini hajui atafanya nini Fundi akisema, "Maliza juma hili." Mtu aliyejifunza kazini tu huweza kuwa hodari wa mkono, lakini aweza kurudia kosa moja miaka ishirini kwa kuwa hajui chanzo chake. Mahali pale pawili ni kama kingo mbili za msumeno wa wapasua mbao: mmoja huvuta juu ya gogo, mmoja huvuta chini yake, na ubao hutoka kwa kazi ya wote wawili.

Tena twaona ya kuwa kazi ya seremala hukaa katika nyumba za watu baada ya yeye kuondoka. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya kiungo, humwamini fundi. Lakini miezi haifichi kitu. Kiangazi huja kukagua, na masika huja kukagua, na kila mmoja hufunua mambo yaliyofanywa gizani.

Maswali

1. Mchonga vinyago na seremala hutofautiana kwa jambo gani?
2. Kituo cha Ndanda kilianza mwaka gani, na kwa sababu gani wamisionari walihama Lukuledi?
3. Kipande cha ubao kina gramu 650. Kikikaushwa kabisa kina gramu 500. Je, kilikuwa na maji ya asilimia ngapi? Chafaa kutengeneza mlango?
4. Pima pembe za meza yako kwa sentimita 30 na 40. Umbali wa tatu wapaswa kuwa sentimita ngapi, kama pembe ni mraba?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini paneli ya kwanza ilipasuka katikati.
6. Fundi alikuwa na kosa gani, na kijana alikuwa na kosa gani? Lipi lilikuwa kubwa? Toa sababu zako.
7. Tazama mlango wa darasa lako leo, uandike unavyofunguka. Uutazame tena mvua zikianza, uandike tofauti utakayoiona.